Yai Lilikimbilia Mukono Gani?

Karuba, Jumatatu. Ukungu tangu asubuhi, mulima wa mbele umemezwa, ng'ombe wanakohoa zizini. Mimi niko muzima na moyo wangu uko mwepesi. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa maana najijua: nikishika kalamu, naanza kulalamika.

Haya, tulalamike kidogo basi.

Wiki iliyopita nilikuwa nalia nikimenya viazi, na nikiulizwa nasema ni moshi. Mama yangu alikuwa amekwisha kufunga mutumba wake: sufuria yake, kitenge chake cha kanisa, chupa ya mafuta ya mawese ambayo aliificha kana kwamba sisi watu wa huku juu tungeiiba. Kesho Jumanne kamioni ya soko inateremuka upande wa Walikale, naye alikuwa apande, arudi Ntoto. Arudi kwenye nyumba ambayo haina muntu tangu papa afariki. Mimi njo mutoto wake pekee aliyebaki hapa duniani, na mimi niko Karuba, nimeolewa kwa watu wa ng'ombe na baridi.

Alikuja kwangu kilio cha papa kilipokwisha. Watu wa Ntoto walimuambia: nenda kwa binti yako, ukae, ulee mujukuu. Akaja, akakaa. Lakini hakucheka hata siku moja. Mama ambaye zamani kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka mutoni!

Na sababu ya kutaka kurudi si baridi, ingawa anaitukana kila asubuhi. Si maziwa, ingawa anayatazama kama dawa ya minyoo. Sababu ni bwana yangu, Papa Furaha.

Usifikiri wamegombana. Wangegombana ningefurahi. Hawawezi kugombana, kwa maana hawawezi kusemezana. Kwetu muntu na mama mukwe wake wanaheshimiana mpaka inachosha: hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawali fasi moja, na wakikutana njiani mumoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Kwa bwana yangu huku mulimani iko vilevile, pengine wanazidi. Watu wakiishi mbalimbali, hiyo si taabu. Lakini katika lupango moja, ndani ya ua mumoja? Mungu wangu! Mama analala jikoni, na kati ya jiko na nyumba ni ukuta wa matete tu. Kabla ya kutoka, mama anakohoa. Papa Furaha akisikia anakohoa pia, kusema nimesikia. Kisha mama anakohoa tena, kuuliza kama amekwisha kupita. Wageni wanatuuliza kama tumekwisha kwenda disipanseri.

Siku moja mvua iliwashika wote wawili shambani. Mama akakimbilia kibanda cha ndama. Papa Furaha, akitoka upande mwingine, akakimbilia kibanda kilekile. Walipokutana mulangoni wakageuka mbio, kila mumoja na njia yake, wakanyeshewa mpaka mifupa, na ndama akabaki peke yake mukavu. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka nyumbani. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Jioni ile mama aliniambia: “Mwanangu, ninamunyima mutoto wa watu nyumba yake. Nitarudi kwetu.” Na mama, neno likimutoka, limetoka.

Nilimubembeleza. Nilikasirika. Nilimuambia kwamba paa lake kule Ntoto linavuja, na nani atalipanda? Nilimuwekea mutoto wetu Furaha mapajani, nikidhani atamushinda pale mimi nimeshindwa. Alimubusu mutoto, akamurudisha, akaendelea kukunja kitenge.

Papa Furaha naye alikuwa ameinama kama yeye njo anafukuzwa. Aliniambia atajenga jiko lingine chini kabisa ya shamba la maharagi, mbali, mama akae huko kwa raha. Nilimuuliza kama anataka nipande farasi kumupelekea mama yangu chakula. Nilikuwa na hasira, sikutaka kuwa muzuri.

Tulikuwa katika hali hiyo Jumamosi, wakati kamioneti ya sinema ilifika.

Sasa niache kulalamika, niseme juu ya kitu ninachokipenda.

Muntu wa sinema tunamuita Bwana Shuka, kwa sababu kitu cha kwanza anachoshusha ni shuka lake jeupe. Anapita kila kiangazi. Kwanza anaonyesha zile sinema za mafundisho: chimba choo, nawa mikono, panda hivi, usipande vile. Kuna sauti ya muntu ambaye hatumuoni, anatukemea toka mwanzo mpaka mwisho. Tunakaa kimya kama wakati Mupe anarefusha mahubiri. Tunasubiri. Wote tunajua kwamba chini kabisa ya sanduku kuna zile fupi, zilizochorwa kwa mukono, ambazo hazina muntu wa kweli ndani yake.

Ziko tatu tu. Ni zilezile kila mwaka. Nilizipenda nikiwa mutoto wa shule kwa Masere, wale watawa wa kule Ntoto, vita ya Wazungu ikiwa imeisha juzijuzi, na leo niko mama wa muntu, bado nazipenda.

Kuna ya Inzi. Mukubwa mumoja wa askari, kifua kimejaa medali, anatuliwa na inzi puani. Anamupiga kofi, anajipiga mwenyewe. Anaita askari wake, wanaleta mizinga, wanapiga, wanapiga. Nyumba ya mukubwa inaanguka. Suruali ya mukubwa inaanguka. Inzi anarudi palepale puani. Hapo watu wa Karuba wanatazama kwanza kama kuna muzungu wa serikali karibu, kisha wanacheka kuliko inavyohitajika.

Kuna ya Wingu. Muntu mwembamba mwenye kofia anafuatwa na kawingu kadogo kanakomunyeshea yeye peke yake. Anakimbia, kanamufuata. Anaingia nyumbani, kanapitia dirishani. Mwishoni anachoka, anakaa chini, anatoa maharagi mufukoni na kuyapanda palepale miguuni kwake, kwa kuwa mvua ipo. Maharagi yanamea, yanamuinua juu, juu, mpaka anakaa juu ya lile wingu, anakula. Wazee wa huku wanaipenda hiyo. Wanasema yule si mujinga, ni mulimaji.

Na kuna Yai.

Ah, Yai! Mupishi munene, kofia ndefu kichwani, anataka kukaanga yai. Anapolipiga kwenye ukingo wa karai, yai linaota miguu. Linaruka chini, linatoka mulangoni mbio. Mupishi nyuma yake na karai. Anaanguka kwenye unga, anaanguka kwenye pipa, karai linamupiga kichwani mwenyewe, linalia ngwe! Yai linavuka daraja, linafika kwa kuku, linaingia chini ya mabawa. Mupishi anamuinua kuku. Weee! Chini kuna mayai mengi, yote yanafanana, na yote yanasimama kwa miguu yao. Sasa ni mupishi anayekimbia. Basi, imeisha.

Nimewaza sana kwa nini hazituchoshi.

Si kwamba ni mupya. Filamu yenyewe imechakaa kabisa. Mikwaruzo inashuka kama mvua, mpaka watoto wanauliza kwa nini mupishi hajifuniki. Kile kipande cha daraja kiliungua zamani ndani ya mashine. Siku hizi yai liko upande huu wa muto, mara moja liko ng'ambo. Lakini hakuna anayelia hasara. Filamu ikifika pale, watu wazima wote wanapiga kelele pamoja, “Daraja!”, na watoto ambao hawakuliona wanaitikia “Daraja!”, na kwa namna fulani sisi wote tunaliona.

Sinema ya choo inaniambia mimi ni muchafu. Yai haliniambii neno. Linakimbia tu. Kwa kuwa hakuna maneno, hakuna wa kutafsiriwa: watu wa mulimani, watu wa pori kama mimi, Mupe na ndevu zake, tunacheka wote kwa pumzi moja. Na tena, mule ndani kuanguka si kufa. Mupishi anabanwa na pipa, anakuwa bapa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, anajikunguta, anasimama. Sisi hapa tumezika watu wengi. Kuona muntu anaanguka kila mwaka na anasimama kila mwaka, mimi inanipa nguvu. Sioni haya kulisema.

Kuna sababu nyingine, na hiyo ni yangu mwenyewe. Papa.

Sinema ilipofika Ntoto mara ya kwanza, walitundika shuka kwenye ukuta wa shule. Baba mukwe wa mama, yaani tate yangu (kwetu babu na bibi wote ni tate), mzee wa heshima, alikaa mbele kabisa kwenye kiti chake. Mama angekaa wapi? Alibaki nyumbani. Alituambia kwamba hapendi vitu vya giza, lakini tulijua. Papa alirudi akicheka mpaka anashika ukuta. Akamuonyesha mama yote pale pembeni ya moto. Yeye njo alikuwa mupishi, yeye njo alikuwa karai, na alipokuwa yai alinyanyua magoti juu, akakimbia kwa ncha za vidole vya miguu mpaka mulangoni. Mulango wetu ulikuwa mukono wa kuume. “Linakimbia kuume!” alisema. “Linafika kwenye daraja ya kamba, inachezacheza, yai linashika tumbo!”

Toka siku ile, kila mama akikasirika, papa alikuwa yai. Mama ameshika mwiko, papa huyo, magoti juu, kuume, mulangoni. Hakuna hasira ya mama iliyoshinda yai. Mama aliijua sinema ile kuliko watu walioiona.

Nirudi Jumamosi.

Huku kwetu shule ni ndogo, basi Bwana Shuka anatundika shuka lake kiwanjani, kati ya mikaratusi miwili. Picha inapenya, inaonekana mbele na nyuma. Na watu wa huku, bila kuambiwa na muntu, wamekwisha kujipanga: nyuma ya shuka njo fasi ya wakwe. Kama baba mukwe wako yuko mbele, wewe unakwenda nyuma. Kama mukwe wako wa kiume yuko mbele, wewe mama unakwenda nyuma. Mwaka wa kwanza Bwana Shuka aliwafukuza kule nyuma, akidhani hawajui sinema inatazamwa namna gani. Sasa amezoea, anawapelekea na mikeka.

Mama hakutaka kwenda. Nilimuambia: “Mama, kuna nyuma. Papa Furaha atakaa mbele, hata kivuli chake hutakiona.” Kisha aliuliza, polepole sana, kama ile ya yai ingekuwapo. Nikasema iko. Akafunga kitambaa chake kichwani.

Mimi nilianza mbele pamoja na bwana yangu. Tulimeza choo, tulimeza mikono, tulimeza mbegu za viazi. Inzi akaja, Wingu likaja. Yai likaja, likatoka mulangoni mbio, kuume, watu wakapiga makelele, na Furaha akashituka akaanza kulia. Ilipoisha watu wakaomba “Rudia! Rudia!”, na wakati Bwana Shuka anarudisha filamu yake akinung'unika, mimi nikazunguka kwenda nyuma kwa mama, mutoto akinyamazishwa mugongoni.

Njo hivyo niliona Yai kutoka nyuma. Lilitoka mulangoni, likakimbia kushoto.

Nilisimama kidogo nikiwaza. Kisha nikaelewa, si kazi ngumu: shuka ni moja, ukilitazama kwa nyuma kuume kunakuwa kushoto. Nilitaka kumuambia mama. Lakini mama alikuwa anacheka.

Mama yangu alikuwa anacheka! Alianza kwa kwikwi, akijifunika mudomo na kitambaa. Mupishi alipoanguka kwenye pipa kitambaa kikaanguka, na kile kicheko cha zamani kikatoka chote, yooo, yooo, akipiga mapaja yake na ya jirani yake, machozi yanateremuka. Na mimi nikalia pale gizani, na safari hii hapakuwa na moshi.

Nyumbani Papa Furaha aliniuliza nani alikuwa anacheka vile kule nyuma, kwa maana watu wa mbele walicheka zaidi kwa ajili yake. Nikamuambia: ni mama. Alilala akitabasamu, nilimuona.

Jana asubuhi, baada ya misa, mama alikuwa jikoni, mimi pamoja naye, Papa Furaha upande wa pili wa matete akila maharagi yake. Mama alikuwa na hasira ambayo sijaisikia siku nyingi, na ilinipendeza kuisikia.

“Papa yako alinidanganya,” alisema. “Miaka yote! Kuume, kuume. Mimi nimeona kwa macho yangu, yai linakwenda kushoto. Na daraja iko wapi? Hakuna daraja. Watu wanapiga makelele tu.”

Kutoka upande wa pili tukasikia kikohozi. Kisha sauti ya Papa Furaha, anasema na mutoto aliyekuwa mikononi mwake: “Furaha, muambie tate yako kwamba yai linakwenda kuume.”

Furaha hajaota jino hata moja.

Mama alishituka, lakini hakutoka. Alitazama matete. “Furaha,” akasema kwa sauti kubwa, “muambie papa yako mimi siko kipofu.”

“Furaha, muambie tate nilikuwa mbele kabisa.”

“Furaha, muambie papa yako kwamba kuwa mbele si kuona!”

Mutoto huyo ambaye hajui kusema hata mama amekuwa karani wa pande mbili. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Nilijua neno moja tu la kusema ili wote wawili wanyamaze: shuka. Lilifika mpaka menoni.

Kisha mama akasema, safari hii si kwa mutoto, si kwa mimi, ni kwa viazi vyake: “Kama alinidanganya juu ya yai, alinidanganya na juu ya nini tena? Na sasa nitamuuliza nani?”

Halafu Papa Furaha alifanya kosa. Alisahau mutoto, alisahau heshima, alisahau yote, akasema: “Mama, papa hakudanganya.”

Yooo! Moja kwa moja! Kwa mama mukwe wake!

Mama alifunika kichwa, akatoka kwa mulango wa nyuma, akashuka mpaka kwenye maharagi. Papa Furaha alibaki ameshika kichwa. Nilifikiri: basi, imeharibika, sasa hatangoja hata kamioni, atakwenda kwa miguu. Nilimutukana bwana yangu kidogo. Kisha nikamuonea huruma, kwa kuwa alikuwa amesema neno zuri kuliko yote aliyowahi kusema tangu anioe.

Kosa la namna ile linalipwa kwa kuku, kwao na kwetu. Hakuchagua kuku wa kizee. Alichagua ule mwekundu anayetaga, ambaye hata mimi ananikataza kumugusa. Nikamupeleka jikoni, nikamufunga muguu kwenye jiwe. Mama aliporudi aliona kuku, akaelewa, akampa mahindi. Siku nzima hatukusikia hata kikohozi chake. Jirani yetu Mama Sifa alipita kuomba chumvi. Alikuwa amekwisha kusikia magomvi yote, kwa kuwa matete hayafichi siri. Akaanza: “Lakini dada, kule nyuma picha si inageuka...” Nikamukanyaga muguu. Akanitazama, akaelewa, akaenda na chumvi mingi kuliko aliyoomba.

Leo asubuhi kuku alitaga kwenye kuni. Niliweka karai motoni, nikanyosha mukono, mama akanipiga mukononi.

“Liache!”

“Mama, ni yai.”

“Najua ni yai. Liache, tuone linakimbilia wapi.”

Na akacheka. Mchana kweupe, bila sinema, akacheka! Upande wa pili wa matete nikasikia muntu mwingine anajizuia kucheka, na kushindwa.

Basi mama akasafisha koo. “Furaha, muulize papa yako. Hiyo daraja anayosema aliiona, ilikuwa ya miti ao ya mawe?”

Nilitazama ukuta. Nilimuomba Mungu, kweli kabisa nilimuomba, kwa maana mimi sikumbuki. Nilikuwa mutoto, nikifikiri daraja naiona ile aliyoicheza papa pembeni ya moto, si ile ya sinema. Papa Furaha aliiona akiwa kijana, kabla kile kipande hakijaungua. Na sijawahi kumusimulia namna papa alivyocheza. Pale nyumbani kwetu tulikuwa hatutaji mambo ya papa, tusije tukamuumiza mama.

“Furaha,” akasema Papa Furaha, “muambie tate: haikuwa ya miti, haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya kamba. Ilikuwa inachezacheza, na yai likashika tumbo.”

Mama aliweka kisu chini.

Alikaa mikono mapajani, anatazama moto. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sikusikia anasema nini, na haikuwa inanihusu mimi. Kisha alijifuta uso na kitambaa, pande zote mbili, kama muntu aliyemaliza kunawa.

“Daraja, nakubali,” akasema. “Kuume, hapana.”

“Furaha, muambie tate ni kuume.”

“Furaha, muulize papa yako, ule muntu wa shuka atarudi lini?”

“Kiangazi kingine.”

Mama akatazama mutumba wake pale pembeni. Akatazama kuku. “Sasa kuku anayetaga nitamubeba namna gani kwenye kamioni?” aliniuliza kwa ukali, kana kwamba mimi njo nilimuleta. “Atavunja mayai yote njiani. Acha ule wa kamioni apite.”

Nikasema ndiyo mama. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, najisifu kwa hilo.

Halafu akageukia matete mara ya mwisho. “Furaha, muambie papa yako hivi. Siku hiyo mimi nitakaa mbele, yeye akae nyuma. Fasi yangu ileile. Aone mwenyewe!”

“Furaha, muambie tate nakubali.”

Hapo nilitoka nje, nikaenda mpaka zizini, nikaweka kitenge mudomoni na kucheka mpaka ng'ombe wakanitazama. Watabadilishana fasi! Mama atakaa mbele, ataona kuume. Papa Furaha atakaa nyuma, ataona kushoto. Kila mumoja atarudi nyumbani ameshindwa, ataona haya, atakohoa, ataanza: Furaha, muambie. Na mimi nawajua wale wawili. Wataanza upya, kila mumoja akitetea neno la mwenzake.

Je, nitawaambia? Najiuliza hapa na kalamu mukononi. Masere walitufundisha kusema kweli. Lakini hakuna aliyesema uongo katika nyumba hii, papa hakusema, mama hasemi, bwana yangu hasemi. Mimi peke yangu nimekaa pande zote mbili za shuka, na hakuna aliyeniuliza mimi.

Nitanyamaza. Siku Furaha atajua kusema, atawaambia mwenyewe kama anataka, ni karani wao.

Nasikia kikohozi jikoni. Nasikia kikohozi nyumbani. Yai liko kwenye majani makavu karibu na moto, na mama amelifunika na kipande cha kitenge chake cha kanisa, kile alichokuwa amekunja kwa safari. Kesho kamioni ya soko itapiga honi kule chini, itangoja kidogo, na hakuna muntu wa nyumba hii atakayeteremuka.